Trela la Kulala Safarini: Tupime Kabla ya Kununua

Mwezi huu nawaletea jambo lililotununisha nyumbani kwangu kwa siku mbili nzima.

Jioni moja baba watoto alirudi na picha ya trela dogo la kulala porini. Alisema tukilinunua, tutasafiri na watoto wetu wanne bila kulipia nyumba za wageni. Mimi nilikuwa nawaza ada ya shule ya muhula unaofuata, nikamjibu kwa ukali, naye akanyamaza. Siku ya tatu tulikubaliana kwamba kabla ya kusema ndiyo au hapana, tuazime la rafiki yake tukalijaribu.

Kwa wasiolijua, hili ni trela fupi la magurudumu mawili, lililoinuliwa kutoka ardhini ili lipite njia mbovu. Lipo la sanduku gumu, lenye godoro ndani, na nyuma lina mfuniko ambao ukiuinua unakuta jiko na kabati la vyombo. Lipo pia la kubebea mizigo tu, na juu yake hukunjuliwa hema. Wamarekani walianza kuvuta visanduku vidogo vya kulala vyenye umbo la tone la maji tangu miaka ya 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lao lilivutia magari ya Jeep vijitrela vya robo tani. Siku hizi Afrika Kusini na Australia hutengeneza mengi ya njia mbovu, na hilo tuliloazima lilitoka Afrika Kusini.

Tulitoka Dodoma likizo ya mwezi wa sita, tukapitia Morogoro, Segera na Mombo hadi milima ya Usambara, kupita Lushoto. Nakiri kwamba mema niliyaona. Vyombo, unga, mafuta na taa vilikaa mahali pake, wala sikufungua mabegi kumi kutafuta kijiko. Tulilala juu ya ardhi, mbali na unyevu na wadudu watambaao. Tukishafika, tuliliacha trela kambini, gari likabaki huru kwenda sokoni. Tairi zake zilikuwa sawa na za gari letu, kwa hiyo tairi moja la akiba liliweza kusaidia pande zote mbili. Springi zake zilikuwa za vyuma bapa, ambazo fundi wa mji mdogo anazifahamu.

Matatizo nayo yalijionyesha. Kwenye njia nyembamba tulikutana na lori, ikabidi turudi nyuma. Trela fupi hujikunja upesi kuliko refu, nami nilishuka kumwelekeza mume wangu huku watoto wakilia ndani ya gari. Vumbi nalo liliingia hadi kwenye sukari.

Halafu kuna uzito. Sisi wauguzi hatumpi mtoto dawa bila kumpima, lakini tulipakia trela kwa kukisia! Pipa la maji la lita 60 peke yake ni kilo 60. Uingereza, trela lenye kilo zaidi ya 750 pamoja na mzigo wake ni lazima liwe na breki zake lenyewe. Hata kama hapa hakuna wa kukuuliza, mteremko wa mlima utakuuliza. Mizigo mizito ikae karibu na ekseli, na uzito kama sehemu moja ya kumi ya trela zima uelemee pale linapoungana na gari. Ukirundika yote nyuma, trela litayumba na kuyumbisha gari. Na mtoto asipande trelani safarini hata kwa hatua chache.

Sasa nifike kwenye usiku wa pili. Baridi ya Usambara ya mwezi wa sita mnaijua. Nilikuwa nje naosha vyombo. Mume wangu, kwa huruma ya baba, alichukua jiko la mkaa lililokwisha kufunikwa na majivu, akaliweka ndani ya trela walimolala wadogo wawili, akafunga mlango ili wapate joto. Nilipokwenda kuwafunika, yule mkubwa wa hao wawili alisema kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu. Niliwavuta wote wawili nje kwenye baridi. Mikono ilinitetemeka, mimi niliyezoea wagonjwa. Tulikesha nao, na asubuhi tuliwapeleka kwa daktari. Namshukuru Mungu walikuwa salama.

Mkaa, hata usiotoa moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mtoe mgonjwa nje mara moja, kisha mkimbize hospitali apewe oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii. Chumba kidogo kama trela hujaa upesi, kwa hiyo jiko la mkaa, la gesi au la mafuta libaki nje. Baridi ishindwe kwa blanketi na soksi, na matundu ya hewa yasizibwe. Yawekwe wavu kuzuia mbu.

Tuliporudi, mume wangu aliomba radhi, nami nikamwomba radhi kwa ukali wangu. Tulikaa mezani na kalamu. Tulihesabu siku tulizolala safarini mwaka mzima uliopita, zikawa tano. Tuliorodhesha pia kazi za kambini, na tulipomaliza aliona mwenyewe kwamba kupika, kuosha na kutandika vyote vilikuwa vyangu. Jiko zuri la nyuma ya trela bado linahitaji mpishi!

Kwa siku tano, tuliamua hema imara na magodoro vinatosha, na ada ikabaki salama. Lakini familia inayosafiri kila mwezi kwenye njia mbovu, au majirani wawili wanaoweza kuchangia, trela jepesi litawafaa kweli. Mama, bwana akikuletea picha, usimkatize kama nilivyofanya mimi. Chukueni kalamu pamoja: hesabuni siku, pimeni kilo, gawaneni kazi, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba moto hauingii mahali pa kulala.

Tukutane mwezi ujao.