Alfajiri ya Pasaka Makaburini

Wakristo huiadhimisha Pasaka kwa namna nyingi. Safari hii twataka kuwaeleza desturi moja ya Kanisa la Moravia, ambalo wajumbe wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891. Maana ndani yake yamo mafundisho, na onyo pia.

Desturi hii ilianza Herrnhut, katika nchi ya Ujerumani, kijiji kilichojengwa mwaka 1722 na watu waliokimbia mateso kwa ajili ya imani yao. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732 vijana wa kiume walipanda kilima cha Hutberg, palipo makaburi, wakaimba hata jua likachomoza. Huko ni majira ambayo baridi hukoma na miti huchipua. Nao mahali pa kuzikia hupaita Shamba la Mungu, kwa kuwa mwili huzikwa kama mbegu ipandwavyo, ukingoja kuota. Sisi ambao Pasaka hutukuta na jembe mkononi wakati wa masika, hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo.

Wamoravia waliichukua desturi hiyo hata Salem, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, nao wameishika tangu mwaka 1772. Jumamosi jamaa huosha mawe ya makaburi na kuyapamba kwa maua. Usiku wapiga tarumbeta hupita njiani wakiwaamsha watu. Kabla ya mapambazuko mchungaji husimama mbele ya kanisa na kutangaza ya kuwa Bwana amefufuka, nao wote hujibu kwamba ndivyo kweli. Kisha huenda kwa utaratibu makaburini. Humo mawe yote ni ya namna moja, yamelazwa chini, wala tajiri hana jiwe la kumpita maskini.

Lakini tusifiche neno. Hapo kwanza watu weusi walioamini, wengi wao watumwa, walizikwa katika shamba hilo pamoja na weupe. Mwaka 1816 ikaamriwa watengwe hata katika kufa. Mawe yalikuwa sawasawa. Mioyo haikuwa sawasawa. Ndipo mwaka 2006 kanisa hilo la kusini mwa Marekani likaomba radhi kwa kushiriki kwake katika utumwa.

Basi nasi tujipime. Jumamosi ya kuamkia Pasaka, tukienda kupalilia makaburi ya jamaa zetu, tutazame ni kaburi la nani lililoachwa kuota majani: la mgeni, la mjane asiye na mtoto, au la yule tuliyekosana naye. Enyi wazazi, wapelekeni watoto wakalisafishe hilo kwanza. Nanyi walimu, waelezeni wanafunzi sababu yake. Kwani aaminiye ya kuwa Bwana atawaamsha wote kwa sauti moja, atawabaguaje wangali wamelala?