Jubilei ya Steere isiisahau Little Steeping

Mwaka 2028 itatimia miaka 200 tangu azaliwe Edward Steere, askofu aliyejenga Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Zanzibar, mahali lilipokuwa soko la watumwa. Mkunazini haina haja ya kutetewa na gazeti. Watalii na waumini wanaijua njia. Hofu yetu ni kwamba jubilei itapita bila mtu kulitaja kanisa jingine, dogo, lililomtoa Steere likatuletea sisi: Kanisa la Mtakatifu Andrea, Little Steeping.

Little Steeping ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, jirani na mji mdogo wa Spilsby. Hapo ndipo vilima vya Wolds vinapoishia na kuanza nchi tambarare ya mashamba yaliyokuwa zamani vinamasi. Kanisa ni la karne ya 14, la mawe ya kijani yanayopatikana kwenye vilima hivyo. Reli ilifika kijijini mwaka 1848, ikahudumu zaidi ya karne moja, kisha ikafungwa. Kanisa bado lipo.

Steere alikabidhiwa parokia hiyo mwaka 1862. Alikuwa amesomea sheria London kabla ya kupewa daraja ya ukasisi, na alikuwa amewahi kuhudumu Skegness, kwenye pwani ya huko huko. Hakupata hata muda wa kuzoeana na waumini wake wapya. Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer, kasisi wa Burgh le Marsh, parokia ya jirani, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa misheni ya UMCA, iliyochipuka kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Haikuwa kazi ya kugombaniwa. Askofu aliyemtangulia, Charles Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa karibu na Mto Shire mwaka mmoja tu nyuma. Steere akaona vibaya kumwacha mwenzake aende peke yake, akafuatana naye. Mwaka 1864 wawili hao wakaihamishia misheni Unguja. Kwa hiyo uamuzi uliobadili historia ya maandishi ya Kiswahili ulikuwa mikononi mwa makasisi wawili wa mashamba, waliokuwa majirani kabla hawajaiona Bahari ya Hindi.

Mwaka 1868 Steere alirudi parokiani kwake, na hapa ndipo kijiji kinapostahili heshima ambayo hakijapewa. Alirudi na maneno, methali na hadithi alizozikusanya Unguja. Mwaka 1870 vitabu vyake viwili vilitoka London: kimoja cha sarufi na msamiati, kilichowafundisha Kiswahili wageni wa vizazi kadhaa, na kingine cha hadithi za Kiswahili. Tunaweza kumwaza Jumapili akiwahubiria wakulima wa ngano, na siku ya pili yake akikisahihisha kisa cha Sultani Darai kabla hakijapigwa chapa. Sijui wangapi kati ya wakulima hao waliwahi kuambiwa kasisi wao anafanya nini usiku. Riziki ya kasisi wa parokia enzi zile ilitokana na ardhi ya kanisa na zaka za wakulima. Tukisema basi kwamba mashamba ya Lincolnshire yamo katika historia ya sarufi yetu, hatutii chumvi.

Mwaka 1872 akaondoka tena, na safari hii moja kwa moja. Alifanywa askofu mwaka 1874, akafariki Unguja mwaka 1882, na kaburi lake liko nyuma ya altare ya Mkunazini. Little Steeping, iliyompoteza mara mbili, haikumsusia. Mwaka 1912 kanisa lile la mawe ya kijani lilikarabatiwa kwa kumbukumbu yake.

Hatutaki jubilei ya kumtukuza mtu mmoja, tena Mzungu aliyekuja katika karne iliyotuletea ukoloni. Hadithi zile zilikuwa za Waunguja, wengi wao Waislamu, waliomsimulia kasisi wa dini nyingine bila kinyongo. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua lugha ya watu hao. Uamuzi huo nao unatimiza karne moja mwaka huo huo wa 2028. Basi BAKIZA na BAKITA waziunganishe kumbukumbu hizo mbili, na atakayezichapa upya hadithi zile aanze na majina ya wasimulizi.

Kwa Dayosisi ya Zanzibar tuna ombi jepesi: iandike barua rasmi kwa parokia ya Little Steeping, iwaalike waumini wake Mkunazini. Makanisa mengi ya vijijini Uingereza leo yana waumini wachache, na gharama za paa na kuta za kale huwaelemea hao hao wachache. Waswahili mnaoishi Uingereza, ninyi hamhitaji barua. Tafuteni siku moja mwaka huo mfike Little Steeping, na mkitoka, acheni mchango wa matengenezo.