Hii Ndiyo Tawakkul?

Ndugu Waislamu, vyuo vyetu vilifungwa tarehe 18 Machi 2020 kwa ajili ya korona, vikafunguliwa 1 Juni. Mwaka ule ule vijana wa kidato cha sita wakamaliza mitihani na kuanza safari ya chuo. Tunawauliza wazazi wa Tongoni: mliwatilia nini katika masanduku yao?

Wapo waliowapitisha watoto makaburini, wakawafunga hirizi, kisha wakasema, "Tumetawakal kwa Allah." Subhanallah! Hirizi ikawa tawakkul, na barakoa na sabuni vikawa upungufu wa imani!

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipopata habari ya tauni ya Sham, aliwarejesha watu wake wakiwa njiani, alipohojiwa, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari Yake. Au nyinyi mna imani kumshinda Umar?

Binti mwenye pumu alikwenda kulala bweni moja na wenziwe wengi. Nani alimwandalia dawa? Nani alimfunza amweleze nani akipatwa na homa, badala ya kuificha kwa haya? Na kama chuo kingefungwa ghafla tena, nauli ya kurejea Tanga ilikuwa wapi? Mganga alikwisha kulipwa.

Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023, na tena 2025. Msimu ujao wa vyuo, kabla ya dua ya kuwaaga vijana, tutawauliza wazazi habari ya nauli hiyo.