Mgongo wa Binti Usimsubiri Fundi wa Gauni

Baibui husitiri mengi, hata mgongo uliopinda. Wapo mama wanaogundua siku fundi anapopima gauni la harusi: bega moja limepanda, nyonga moja imetokeza. Mifupa imeshakomaa.

Mtizame binti yako tangu miaka 10. Ainame mbele, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali. Mpindo wa nyuzi 10 au zaidi huitwa skoliosisi. Haukuletwa na mkoba wa skuli, wala usikimbilie kusema jicho. Mazoezi ya viungo humfunza kusimama sawa na kutoyumba; mkanda maalumu huzuia usizidi kupinda, lakini angali anakua tu.

Kumficha si stara. Mwili wake ni amana.