Boma la Kamukuzi, migomba ya Nakivale: urithi wa nani?

Juu ya kilima cha Kamukuzi, jijini Mbarara, lipo boma la waliokuwa wafalme wa Ankole. Ufalme huo ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine za Uganda. Buganda, Bunyoro na Toro zilirejeshwa mwaka 1993, lakini Ankole haikurejeshwa. Tangu hapo magazeti ya Uganda yameripoti mara kwa mara kuchakaa kwa majengo ya Kamukuzi.

Hali hiyo yaonyesha kwamba sifa za kale peke yake haziokoi nyumba. Mkataba wa Burra, uliopitishwa na wataalamu wa urithi nchini Australia mwaka 1979, hauishii kwenye kuta. Matumizi ya mahali, mazingira yake na maana yake kwa watu nayo huhesabiwa kuwa thamani.

Kwa kipimo hicho, Nakivale nayo ina urithi. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara, yalianza kwa kuwapokea Wanyarwanda, nao Wakongo, Warundi na Wasomali wakafuata. Familia zilizopewa viwanja zimejenga nyumba za udongo na kulima mahindi, maharage na migomba. Bustani hizo hulisha watu: mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa takriban wakimbizi milioni 1 nchini Uganda, kwa upungufu wa fedha.

Hata hivyo, Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 humruhusu mkimbizi kulima bila malipo, si kuuza wala kukodisha ardhi aliyogawiwa. Serikali nayo ina hoja: wageni wapya wanaendelea kuwasili, na ardhi haiongezeki.

Kwa hiyo Kamukuzi ina historia inayotambuliwa ila imekosa matunzo, ilhali Nakivale ina watunzaji wasio na haki ya kudumu juu ya wanachokitunza. Kuandika historia ya maboma hayo, hata hivyo, hakuhitaji hatimiliki. Kituo cha Utamaduni cha Igongo, kando ya barabara ya Mbarara kwenda Kampala, huhifadhi kumbukumbu za maisha ya watu wa Ankole. Kumbukumbu za waliopanda migomba Nakivale zinastahili nafasi kama hiyo, kabla wazee wanaozijua hawajaondoka.