Jengo Hatulitaki, Tunataka Fundi



Katika mkutano uliopita wa jumuiya yetu tuligawiwa karatasi ya rangi nzuri inayoeleza mpango wa kuanzisha nyumbani taasisi ya utafiti tumizi, itakayotumia teknolojia kwa manufaa ya jamii. Tunaombwa kila mmoja wetu akatwe kiasi katika mshahara wake kila mwezi kwa miaka mitatu. Sisi tunaoandika haya ni wahandisi wachache tulioko hapa Uingereza. Tulisomeshwa na kodi ya mkulima wa Tanzania kabla ya kuja kusoma huku, na sote tumeshavuka miaka 50. Wazo lenyewe tunaliunga mkono kwa mikono miwili. Mpango ulioandikwa katika karatasi ile tunaupinga, na tunaupinga hadharani ili asije mtu akasema tulikuwa tukinong'ona vibarazani.

Isomeni bajeti. Zaidi ya nusu ya fedha ni za kiwanja na jengo la ghorofa tatu. Kisha kuna samani, gari, nembo, tovuti na sherehe ya ufunguzi. Wajumbe wa bodi ni 15, wote wanaishi ng'ambo. Tulitafuta humo vitu viwili tu, fedha za vipuri na mshahara wa fundi. Hakuna hata senti.

Hatusemi haya kwa kujiona wasafi. Mwaka 2014 sisi wenyewe tulichangisha fedha, tukafunga pampu ya maji inayoendeshwa na jua katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Tanga. Mahesabu tulifanya wenyewe, jioni baada ya kazi, na yalikuwa sahihi. Siku ya ufunguzi maji yalitoka, akina mama wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Tulirudi huku tumevimba vichwa.

Mwaka wa pili haujaisha, simu ikalia. Alikuwa mzee aliyekabidhiwa kisima. "Wanangu, maji yamegoma." Tukamwambia atume picha. Picha ikaja, hatukuona kitu. Tukamtafuta mkandarasi, naye akataka kwanza nauli na posho. Tukaandikiana barua pepe sisi kwa sisi miezi minne. Muda wote huo wasichana wa kijiji walikuwa wamerudi mtoni na ndoo zao, wengine wakifika shuleni saa nne asubuhi.

Mmoja wetu alipokwenda likizo ndipo tukajua. Iliyokufa ilikuwa kontrola, kile kisanduku kinachopanga umeme wa jua kabla haujafika kwenye pampu. Tuliichagua katika katalogi ya huku, ambako jua ni mgeni, tukaifungia ndani ya sanduku la bati kwenye ukuta unaotazama magharibi. Kila alasiri ilikuwa ikiokwa kama mkate. Mzee yule, ambaye darasa la saba hakulimaliza, aliligundua jambo hili wiki ya kwanza kwa kuligusa sanduku kwa mkono. Alilifunika kwa makuti. Mkandarasi wetu aliyaondoa makuti siku ya ufunguzi, kwa kuwa yalikuwa yanaharibu picha. Picha hiyo tunayo. Sanduku linang'aa.

Kontrola mpya ilitugharimu bei ya viatu vya kawaida hapa mjini. Paneli zilikutwa safi kabisa: mzee aliendelea kuzipanguza kila Ijumaa, miezi yote ile ambayo hazikutoa hata tone.

Sasa mtu akituambia kwamba nyumbani tunapungukiwa na jengo la watafiti, tunamuuliza: mtafiti katika habari hii alikuwa nani?

Na tusidanganyane kwamba taasisi hazipo. SIDO ilianzishwa mwaka 1973, TIRDO 1979, TEMDO 1980, CAMARTEC 1981. Karatasi yetu ya rangi haikuitaja hata moja, kana kwamba nchi ilikuwa imelala ikitusubiri sisi turudi na vyeti. Wengi wetu tumezizoea taasisi hizi kama mahali pa kufanyia mzaha: majengo ya zamani, bajeti finyu. Lakini twendeni Arusha tukaulize habari za mitambo ya bayogesi. Kuba la matofali linalofukiwa ardhini lilikuwa na ugonjwa mmoja uliowasumbua mafundi wa nchi nyingi. Ufa mwembamba unaanzia chini, unapanda juu, gesi inavuja, na mwenye nyumba anarudi kwenye kuni akiwa na deni. Katika miaka ya 1980 watu wa CAMARTEC, pamoja na wenzao wa Kijerumani, waliacha kupigana na ufa. Waliweka kati ya msingi na kuba pete dhaifu kwa makusudi, na juu yake pete imara. Ufa ukipanda unaishia kwenye ile pete dhaifu, na kuba linabaki zima. Hakuna waziri anayeweza kukata utepe mbele ya pete iliyofukiwa chini ya zizi la ng'ombe. Hata hivyo muundo huo ulitoka nje ya mipaka na unajulikana kwa jina la CAMARTEC.

Mfano wa pili ni Ifakara, ambako maabara ndogo ya Waswisi iliyoanza mwaka 1956 ndiyo iliyokua ikawa taasisi ya afya tunayoisifu leo. Kuanzia mwaka 1996 watu wake walizunguka vijiji vya Kilombero na Ulanga nyumba kwa nyumba, kila miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Ni kazi ya kuchosha, ya baiskeli na daftari. Kwa sababu ya madaftari hayo, mwaka 2001 waliweza kuonyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliongeza kuokoka kwa watoto wadogo kwa asilimia 27. Kabla ya kuwaambia wakubwa kitu, walikuwa wamehesabu.

Linganisheni na ile bembea ya kuzunguka iliyotoka Afrika Kusini, ambayo watoto wangeichezea na huku ikivuta maji. Mwaka 2006 Wamarekani waliahidi dola milioni 16.4, na lengo lilikuwa pampu 4,000 ifikapo 2010. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la hapa Uingereza lilipiga hesabu: ili pampu moja itoshe watu 2,500 kama ilivyotangazwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Hesabu ya darasa la nne! Wahandisi walikuwapo, wafadhili walikuwapo, na picha zilikuwa nzuri kuliko zetu.

Tunapendekeza nini basi? Jengo lisijengwe kwa miaka mitano. Tukodi vyumba viwili karibu na mafundi wenyewe, Gerezani au Vingunguti, mahali ambapo ukitaka bomba likunjwe linakunjwa kabla chai haijapoa. Waajiriwe mafundi wawili na mhandisi mmoja kijana, kwa mshahara wa kudumu, si posho ya semina. Theluthi ya kila mchango iwekwe kando kwa vipuri, isiguswe kwa kitu kingine. Bodi iwe ya watu saba, wanne wakiwa wanaishi nyumbani, na mmoja wao awe mtu anayetunza kisima.

Kazi ya kwanza ya utafiti tunayo tayari, na ndiyo itakayotuuma. Tuhesabu kila kitu tulichokituma nyumbani sisi wa ng'ambo katika miaka 20 iliyopita: kompyuta za shule, vitanda vya hospitali, mashine za kupimia, pampu. Kipi kinafanya kazi, kipi kimekufa, kimekufa lini, kwa kukosa nini. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha matokeo ya orodha za vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato duni. Karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havifanyi kazi. Vya kwetu ni vingapi? Orodha ichapwe katika kurasa hizi, na pampu yetu ya Tanga iwe ya kwanza.

Tumeshaambiwa kwamba mfadhili hatoi fedha kwa vyumba viwili vya kukodi, na kwamba siku hizi fedha ziko kwenye akili mnemba. Hiyo akili mnemba hatuichukii. Baadhi yetu inatulisha. Ila ikisha kutwambia kontrola imeungua, bado atahitajika mtu mwenye bisibisi na nauli ya basi. Na mfadhili asiyetaka kumlipa mtu huyo, tumwache aende zake.

Kura ni mwezi ujao. Bajeti ikiletwa bila mistari ile miwili tutapiga kura ya hapana, na tutaomba majina yaandikwe. Kontrola iliyoungua ilirudi huku ndani ya begi la mmoja wetu. Tutakuja nayo, anayetaka aifungue aone.