Nani Angempa Kimathi Nyota za Mabegani?

Juzi, kwenye mazishi huko Othaya, mstaafu mmoja wa jeshi alipewa kipaza sauti aseme mawili matatu kuhusu marehemu. Akasema moja la marehemu na kumi ya kwake. Alitueleza kwamba akisikia mtu akimwita Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya Waingereza, "Fildimashali", damu inamchemka. Cheo hutolewa na jeshi, alisema, mtu hajipi. Kimathi alijipachika chake msituni. Watu wakacheka, na wengine wa rika langu wakaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza kwa ajili ya wafiwa. Msiba umekwisha.

Imani hii imetapakaa Nyeri kuliko tunavyopenda kukiri. Utaisikia sokoni Karatina, utaisikia ndani ya matatu: kwamba wale wa msituni walikuwa wahuni wenye majina makubwa, na kwamba askari halisi ni wa gwaride na cheti.

Haya, mzee wangu. Cheti hicho angekipata wapi? Katika jeshi la Keya, hiyo KAR ya Waingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili Mwafrika hakuruhusiwa kuwa afisa. Angeweza kupigana Uhabeshi, angeweza kuugua malaria Burma, lakini nyota za mabegani zilikuwa za Mzungu. Waruhiu Itote wa Mukurwe-ini alikwenda Burma akarudi koplo. Koplo! Wenzake msituni ndio waliomwita Jenerali China. Na Waingereza walipomkamata mwaka 1954, walimtumia huyo huyo koplo wao wa zamani kutafuta mazungumzo na majenerali waliobaki msituni. Ikiwa vyeo vile vilikuwa mchezo wa watoto, walikuwa wanataka kuzungumza na nani?

Baadaye, Uhuru ukiwa unabisha hodi, wakabuni cheo cha effendi, Mwafrika apate kitu cha kushika bila kuwa afisa kamili. Mmoja wa waliokipata, mwaka 1959, ni Idi Amin, ambaye awali Keya ilimleta huku Kenya kupigana na Mau Mau. Mwaka 1961 wakamfanya luteni. Gwaride analo, cheti anacho. Mwaka 1975 akajitangaza Fildimashali. Mbona huyo hatusikii akisemwa mazishini?

Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920, akasoma, akafundisha Tumutumu, akawa karani wa chama cha KAU kule Ol Kalou. Aliingia msituni akiwa na miaka thelathini na kitu. Huko Nyandarua aliunda Baraza la Ulinzi mwaka 1953, na mwaka uliofuata Bunge la Kenya. Alikuwa na makarani, alikuwa na daftari, aliandika barua kwa serikali. Aliyekuwa akimwinda alikuwa na vikosi kutoka Uingereza na ndege za Lincoln zilizomwaga mabomu juu ya miti yetu. Hata hivyo alidumu hadi tarehe 21 Oktoba 1956. Nionyesheni afisa wa chuo chochote aliyedumu miaka hiyo yote bila mshahara, bila ghala la risasi na bila daktari.

Kuna wanaonijibu, "Lakini alivaa ngozi ya chui!" Naam, alivaa. Waskoti walikwenda vitani na sketi, na hakuna aliyewavua vyeo.

Waingereza walijua walichokuwa wakikataa. Walimshtaki hapa hapa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Bastola! Kumwita askari kungemaanisha kwamba ni mateka wa vita, na mateka wa vita hanyongwi kwa kubeba silaha. Kwa hiyo wakamwita mhalifu, wakamnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alikuwa na miaka 36.

Sasa pita Mathari uone kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Amelala humo Duke wa Aosta, aliyeongoza majeshi ya Mussolini katika Afrika Mashariki. Aliposalimu amri Amba Alagi mwaka 1941, Waingereza walimpangia askari wa kumpa heshima. Alifia Nairobi mwaka 1942, akiwa mateka, akazikwa kwa taadhima. Adui wa Uingereza, mvamizi wa Uhabeshi, ana kanisa Nyeri. Mwana wa Tetu hana hata kifusi.

Nasi tukaendeleza kazi yao. Mau Mau ilibaki haramu kisheria hadi 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa. Wakati huo wote tulikuwa wepesi wa kugawa vyeo kwingine: mwanasiasa ambaye hajawahi kulala nje anaitwa "jemedari", mwizi wa pesa za ushirika anavishwa udaktari wa heshima, nasi tunapiga vigelegele. Hao hawaulizwi cheti.

Mukami, mjane wa Kimathi, aliomba mifupa ya mumewe hadi alipofariki mwaka 2023, na hakupewa. Serikali, fukueni Kamiti. Mleteni Tetu, na kwenye jiwe mwandike cheo chake chote, bila alama za kunukuu.